Maji Magumu na Maji Yenye Madhara

Somo hili linahusu maji ya bomba ambayo hayatoi povu.

Katika vitongoji vingi vya pembeni mwa mji wa Dodoma, watu husema maji yao ni "ya chumvi". Sabuni huisha upesi. Nguo nyeupe hubaki na rangi ya kijivu. Birika hushika utando mweupe, mgumu kama chokaa. Basi wengine huyaacha maji ya bomba. Huenda korongoni au dimbwini kuchota maji ya kunywa, kwa sababu yale ni laini na yanatoa povu. Je, wanafanya vyema? Tujifunze.

Ugumu wa maji hutoka wapi?

Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma huvutwa kutoka visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Mvua inaponyesha, maji huzama ardhini. Hupita polepole katika udongo na mawe. Huko huyeyusha madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye madini haya kwa wingi huitwa maji magumu. Maji ya mvua hayajapita katika mawe. Kwa hiyo ni maji laini.

Unaweza kujipimia nyumbani. Tafuta chupa mbili zilizo sawa. Moja tia maji ya bomba, nyingine tia maji ya mvua. Katika kila chupa tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, vipande viwe sawa. Usitumie sabuni ya unga, kwa maana hiyo hutoa povu hata katika maji magumu. Funga chupa, kisha tikisa. Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Maji magumu yatatoa povu kidogo, na utando mchafu utaelea juu.

Je, maji magumu hudhuru mwili?

Kalsiamu na magnesiamu si sumu. Mwili unazihitaji. Kalsiamu hujenga mifupa na meno. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha mwisho cha ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Hasara ya maji magumu iko katika sabuni, vyombo na kuni. Birika lenye utando mnene huchelewa kupata moto.

Sasa fikiria maji ya dimbwi. Ni laini, lakini ng'ombe hunywa humo na mvua husomba kinyesi kuingia humo. Vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Mama anayeacha bomba na kwenda dimbwini amekimbia chokaa, akachukua ugonjwa. Mtoto mdogo akiharisha sana anaweza kufa kwa kuishiwa maji mwilini.

Fanya hivi nyumbani

1. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Vijidudu vitakufa, na sehemu ya chokaa itajitenga.
2. Yaache yapoe na kutulia, huku yamefunikwa. Unga mweupe chini ya chombo ni chokaa. Mimina maji ya juu katika chombo safi chenye kifuniko.
3. Kuondoa utando katika birika, tia maji pamoja na ndimu au siki. Chemsha, acha kwa muda, kisha sugua na kusuuza.
4. Kinga maji ya mvua kwa kufulia na kupikia maharage. Maharage hukawia kuiva katika maji magumu. Usizoee kuyatilia magadi, maana magadi ya sehemu nyingine yana madini yenye madhara, ambayo tutayaeleza sasa.

Maji laini yanayodhuru

Yako maji maangavu, yanayotoa povu vizuri, tena hayana ladha mbaya. Hata hivyo yanaharibu mwili. Haya ni maji yenye madini ya floridi kupita kiasi. Hupatikana katika sehemu za mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, na kwingineko. Miteremko ya Mlima Meru inajulikana sana kwa jambo hili. Mawe ya huko yalitoka katika volkano. Kalsiamu hushika floridi na kuituliza chini. Maji laini ya sehemu hizo yana kalsiamu kidogo, kwa hiyo floridi hubaki ndani yake.

Floridi kidogo husaidia meno. Ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na mswaki hauwezi kuyaondoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Ulemavu huu hauponi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Angalia sana jambo hili: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji hupungua kwa mvuke, floridi hubaki ile ile. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti Ngurdoto, mkoani Arusha, ambako mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa utaalamu hutumika kuchuja floridi. Usijaribu kuichoma mwenyewe bila kufundishwa. Mahali penye floridi nyingi, watoto wadogo wapewe kwanza maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa, kwa kunywa na kupikiwa. Meno yao ya ukubwani yangali yanaumbika.

Tuulize, tupimiwe

Ulimi na povu havitoshi kupima maji. Vijidudu na floridi hupimwa na wataalamu wenye vifaa. Katika mkutano wa kijiji au mtaa, iulizeni mamlaka ya maji, au RUWASA kwa huduma ya vijijini: Je, maji yetu yalipimwa lini? Floridi ni miligramu ngapi kwa lita? Je, vijidudu vilionekana? Majibu yasomwe mbele ya wananchi wote. Hiyo ni haki yenu, kwa sababu ninyi ndio mnaoyanywa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini sabuni haitoi povu katika maji magumu?
2. Je, ni lipi lililo salama zaidi: maji magumu ya bomba yaliyochemshwa, au maji laini ya dimbwi yasiyochemshwa? Eleza sababu.
3. Kuchemsha huondoa nini, na hakuondoi nini?
4. Maji tunayokunywa hapa kwetu yalipimwa lini? Nani ataenda kuuliza?