Kutumia 197 kujua Einstein anapoingia

Wanafunzi husoma kanuni ya kutokuwa na uhakika ya Heisenberg ya mwaka 1927 kipindi kimoja, na nadharia ya uhusianifu ya Einstein kipindi kingine. Zinapokutana hawaonyeshwi. Penseli na karatasi vinatosha kukufikisha hapo.

Kariri 197. Hiyo ni konstanti ya Planck ikigawanywa kwa 2π na kuzidishwa kwa kasi ya mwanga, katika vizio vya megaelektronivolti na femtomita. Unapoibana chembe ndani ya nafasi fulani, gawa 197 kwa upana wa nafasi hiyo. Unapata makadirio ya momentamu ambayo Heisenberg anailazimisha chembe iwe nayo, yakiwa katika sura ya nishati. Yalinganishe na mc² ya chembe yenyewe, yaani nishati ya masi yake, kwa megaelektronivolti: elektroni 0.511, protoni 938. Yakiwa madogo sana, mlinganyo wa Schrödinger unatosha. Yakikaribia au kuzidi, mwite Einstein.

Katika haidrojeni elektroni hutawanyika kiasi cha femtomita 53,000. Jibu ni 0.0037, halifiki hata asilimia moja ya 0.511. Salama.

Sasa iingize elektroni ndani ya kiini cha atomi nzito zaidi, femtomita 5. Unapata 39, zaidi ya mara 70 ya mc² yake, na kiini hakina nguvu ya kuizuia isitoroke. Kabla Chadwick hajagundua nyutroni mwaka 1932, wanafizikia walidhani elektroni zimo humo. Hesabu hii iliwasumbua sana. Kwa protoni, 39 mbele ya 938 ni kidogo, ndiyo maana hukaa kiinini bila shida.

Rudi kwa elektroni na utue kwenye femtomita 386, maana hapo jibu ni takriban 0.511, sawa na mc² yake. Heisenberg peke yake hakukatazi kuendelea kubana. Ukimuongeza Einstein, nishati hiyo inaelekea kutosha kuzaa elektroni nyingine pamoja na positroni, na swali la elektroni yako iko wapi hasa linakosa maana. Kwangu mimi hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote: mpaka huu hauzaliwi na nadharia moja, unazaliwa na zote mbili.

Usiishie hapa. Chukua elektroni ya ndani kabisa ya dhahabu: gawa 53,000 kwa 79, idadi ya protoni za dhahabu, kisha rudia hesabu. Utaona kwa nini rangi ya dhahabu haielezeki bila uhusianifu.