Kaa wa Kombe Akichimbuliwa Akijivua Gamba: Afanyiwe Nini?

Likizo ya shule inapofika, watoto wengi wa pwani hurudi nyumbani kutoka ufuoni na kaa wadogo waliobeba makombe ya konokono mgongoni. Kaa huwekwa ndani ya beseni la mchanga, hupewa ukoko wa wali na kipande cha nazi, na huwa mchezo wa nyumba nzima. Kisha siku moja haonekani. Amejizika. Wiki ya kwanza inapita, ya pili inapita, na mtu mzima anaamua kumwaga mchanga ili apate beseni lake. Anamkuta kaa amelegea, rangi imempauka, na kando yake kuna kitu kinachofanana na mzoga. Wengi husema amekufa, wakamtupa jalalani.

Mara nyingi kaa huyo yu hai. Alikuwa akijivua gamba, na kilicho kando yake ni gamba la zamani. Makala hii inaeleza jinsi ya kumtambua na hatua za kumsaidia iwapo amechimbuliwa kabla ya wakati wake.

Ni kaa yupi tunayemzungumzia

Makaa wanaoishi ndani ya makombe wako wa aina mbili. Wapo wa majini, ambao huonekana kwenye vidimbwi vya miamba maji yanapokupwa. Hao hawawezi kuishi ndani ya beseni kavu, na anayewachukua awarudishe baharini mara moja. Wa pili ni wale wa nchi kavu, ambao wanasayansi huwaita Coenobita. Hutembea usiku chini ya mikoko, minazi na vichaka vya ufuoni, na mchana hujificha kivulini. Makala hii inawahusu hao wa nchi kavu.

Ingawa huishi nchi kavu, kaa huyu bado anapumua kwa matamvua. Matamvua yakikauka, anakosa pumzi. Kwa hiyo anahitaji hewa yenye unyevu, mchanga wenye umajimaji, na maji ya aina mbili: ya bahari na ya baridi.

Kwa nini hujizika

Gamba la kaa ni gumu na halikui. Mwili ukiongezeka, gamba humbana, naye hulazimika kulivua. Kaa mdogo hufanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka. Mkubwa huweza kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kujivua tena.

Kabla ya siku hiyo hula na kunywa sana ili kuweka akiba ya mafuta na maji mwilini. Kisha hupunguza mwendo, macho hufifia, rangi hupauka, na huchimba kila pembe akitafuta pa kuingia. Chini ya mchanga hujitengenezea kishimo chenye giza na unyevu. Humo gamba la zamani hupasuka, naye hutoka akiwa laini kama nyama tupu. Hawezi kujitetea wala kusimama vizuri. Baadaye hulila gamba lake kuukuu, maana ndilo lenye madini ya kalisiamu ya kulikaza gamba jipya. Kaa aliyepoteza mguu au gando huweza kuota jipya wakati huu.

Kazi hiyo yote huchukua wiki kadhaa kwa kaa mdogo, na miezi miwili au zaidi kwa mkubwa.

Amekufa au yu hai?

Kabla ya kutupa chochote, fanya ukaguzi huu:

• Chukua kile kinachofanana na mzoga. Kikiwa chepesi, kitupu ndani na kinavunjika kama ganda la yai, hilo ni gamba alilolivua. Kaa mwenyewe yumo ndani ya kombe au karibu na hapo.
• Nusa. Kaa aliyekufa hutoa harufu kali ya samaki aliyeoza, na harufu hiyo huongezeka kila siku. Anayejivua hanuki hivyo.
• Mtazame bila kumgusa. Papasi zikitikisika hata kidogo, yu hai.
• Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa yu hai na umpe muda.

Hatua za kuchukua akichimbuliwa

1. Acha kuchimba. Ikiwa umefunua kishimo tu na kaa bado yumo, usimtoe. Funika pale juu kwa kitu kisichopitisha mwanga, kama kifuu cha nazi au bakuli, kisha uache.

2. Ikiwa ametoka kabisa, mbebe pamoja na mchanga uliomzunguka kwa kijiko kikubwa au kiganja kilicholowa maji. Usimshike miguu wala magando, kwa sababu akiwa laini hunyofoka kwa urahisi.

3. Mtenge na wenzake. Kaa laini hutoa harufu inayowavutia makaa wengine, nao humla. Chombo tofauti chenye mfuniko ulioachwa upenyo mdogo wa hewa kinatosha.

4. Mlaze juu ya mchanga wenye unyevu, kisha mfunike kwa kifuu ili apate giza. Mchanga uwe wa kushikamana ukiufinya, lakini usichuruzike maji.

5. Weka gamba lake la zamani karibu naye. Hicho ndicho chakula chake cha kwanza. Ikiwa limetupwa, saga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa, umwekee kidogo.

6. Mwekee visahani viwili vifupi, kimoja cha maji ya bahari na kingine cha maji baridi. Maji ya mfereji yenye klorini yaachwe wazi kwa siku moja kabla ya kutumiwa. Chumvi ya jikoni haifai badala ya maji ya bahari.

7. Akiwa nje ya kombe, mwekee makombe mawili au matatu safi karibu, moja la ukubwa wa lake na mengine makubwa kidogo. Ataingia mwenyewe.

8. Mwache. Chungulia mara moja kwa siku kuhakikisha mchanga haujakauka, basi. Akianza kutembea, kula na kushika kwa nguvu, gamba limekaza na anaweza kurudi kwa wenzake.

Si kila kaa aliyechimbuliwa hupona. Hata hivyo, aliyepata giza, unyevu na utulivu ana nafasi kubwa kuliko aliyeshikwashikwa na watu wanaomhurumia.

Mambo ya kuepuka

Usimvute kutoka kwenye kombe. Tumbo lake ni laini na limejipinda ndani ya kombe, naye huweza kukatika kabla hajaachia. Usimwogeshe wala kumnyunyizia maji ovyo. Usimweke juani ili apate joto, kwani jua humkausha kwa muda mfupi. Usimzike kwa nguvu kwa kumrundikia mchanga, kwa sababu hana uwezo wa kuchimba kishimo cha kupumulia. Wazazi wawaeleze watoto mapema kwamba kumwonyesha kaa huyo kwa marafiki kunaweza kumuua.

Beseni linalomwezesha kujivua salama

Makaa wengi huchimbuliwa au hufa kwa sababu mchanga ni mchache. Kina kiwe angalau sentimita 15, na kwa kaa mkubwa kiwe mara tatu ya kimo chake. Changanya sehemu tano za mchanga safi na sehemu moja ya nyuzi za makumbi ya nazi, ambazo hushika unyevu na kuzuia kishimo kisiporomoke. Ongeza makombe ya akiba. Chakula kiwe cha mchanganyiko: nazi, matunda, mboga na vipande vya samaki bila chumvi wala viungo.

Kaa akijizika, andika tarehe kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye beseni. Jambo hili dogo humwokoa kaa, maana kila mtu nyumbani atajua kwamba mchanga huo haumwagwi.

Ni bora zaidi abaki ufuoni

Kaa wa nchi kavu huweza kuishi zaidi ya miaka 30 katika mazingira yanayomfaa. Lakini si rahisi kumzalisha nyumbani. Jike huenda hadi ukingoni mwa bahari kuyaachilia mayai, na watoto huelea majini kwa wiki kadhaa kabla ya kupata kombe dogo na kupanda nchi kavu. Kwa hiyo kila kaa aliye ndani ya beseni ametolewa ufuoni. Vilevile, kaa hawezi kujijengea kombe. Akikua baada ya kujivua, hutafuta kubwa zaidi, na kila kombe linalookotwa kwa mapambo ni nyumba iliyopungua.

Ndani ya mbuga za bahari kama vile Malindi, Watamu na Kisite, hairuhusiwi kuchukua viumbe wala makombe. Kwingineko, mkazi aulize kwanza ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu kabla ya kuchukua au kufuga.

Aliye na kaa nyumbani na anataka kumrudisha asubiri hadi gamba likaze. Amrudishe jioni kwenye ufuo uleule alikotolewa, juu ya mstari wa maji kujaa, penye kivuli na majani makavu.

Na mtoto akikuta ufuoni kaa aliyejizika, afundishwe jambo moja: amfunike, ahesabu hatua kumi, aende zake.