Muhasaba ya Alama: Ukianguka GMAT, Uanzie Wapi?



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, somo la toleo hili ni la yule aliyemaliza shahada ya kwanza, akatamani kuendelea na MBA, akafanya mtihani wa GMAT na kupata alama zilizomvunja moyo. Ni somo pia la yeyote aliyewahi kukesha na vitabu, kisha matokeo yakamshangaza.

Mimi nilipata 475. Nilifanyia mtihani Kampala, na alama zilitokea kwenye kompyuta mara tu nilipomaliza. Usiku ule nilipanda basi la kurudi Arua, safari ya karibu kilomita 500, na hata tulipovuka daraja la Karuma sikuwa nimepata usingizi. Sikuwa nawaza chuo. Nilikuwa nawaza ada ya mtihani, ambayo mama aliitoa katika biashara yake ndogo sokoni Koboko na wajomba wakaijazia. Pesa ile ilikuwa amana. Kabla ya kuthubutu kuomba nyingine, ilinipasa kwanza nijibu swali moja: ile ya kwanza niliipotezea wapi?

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Tukishindwa, wengi wetu husema, "Nitasoma zaidi." Lakini kusoma zaidi kwa njia ileile huleta alama zilezile. Kinachopandisha alama ni muhasaba: kulikalia kosa moja moja, kulijua lilikotoka, na kuliwekea dawa yake.

Kwanza, zijue alama zako

GMAT haina kufaulu wala kufeli. Mtihani huu unaendeshwa na baraza la GMAC la Marekani, na toleo la sasa lilianza Novemba 2023. Una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: Hesabu yenye maswali 21, Lugha yenye maswali 23, na Uchambuzi wa Data wenye maswali 20. Jumla ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Alama huanzia 205 hadi 805, na zote huishia na tarakimu 5.

Toleo la zamani, lililokoma mwishoni mwa Januari 2024, lilikuwa na kipimo cha 200 hadi 800. Vipimo hivi viwili havilingani. Alama 645 za sasa zinamweka mtahiniwa karibu na pale alipokuwa mwenye 700 za zamani. Kwa hiyo usijilinganishe na kaka aliyefanya mwaka 2015 ukadhani amekuacha mbali. Angalia alama za kawaida za wanafunzi wanaopokelewa na chuo unachokitaka wewe, kisha uulize: je, chuo hicho kinadai GMAT? Vyuo vingi, hata hapa Uganda, vina njia nyingine za kupokea wanafunzi wa MBA. Huenda tatizo lako si alama bali ni barua ya maombi.

Lakini ikiwa unatafuta ufadhili, alama zina uzito. Na kwa Muislamu anayejiepusha na mkopo wa riba, ufadhili mara nyingi ndio mlango pekee ulio wazi. Hapo kurudia mtihani kuna maana.

Pili, fungua daftari la muhasaba

Ripoti rasmi ya GMAT hukuonyesha ulivyofanya katika kila sehemu, katika kila aina ya swali, na muda ulioutumia. Anzia hapo. Kisha fanya mtihani mmoja wa majaribio. GMAC hutoa miwili kamili bila malipo. Baada yake usikimbilie kuhesabu alama. Chukua daftari la kawaida, andika kila swali ulilokosa, na mbele yake andika sababu moja kati ya hizi nne: sikujua, sikusoma vizuri, muda ulinibana, au nilibahatisha.

Mimi nilikosa maswali 27. Nilipoyapanga, niliyokosa kwa kutojua yalikuwa 9 tu. Manane sikuyasoma vizuri, 7 muda ulinibana, na 3 nilibahatisha. Maana yake maswali 18 kati ya 27 hayakuhitaji kitabu kipya. Na mimi nilikuwa nimekwisha kupanga kununua vitabu viwili!

Tuangalie mifano miwili niliyojitungia mwenyewe kwa mazoezi.

Mfano wa kwanza. Bei ya gunia la maharage Koboko ilipanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Je, sasa bei iko wapi ikilinganishwa na mwanzo? Mwenye haraka atasema imebaki juu kwa asilimia 5. Tujaribu kwa namba. Gunia lilikuwa shilingi 100,000, likawa 125,000. Asilimia 20 ya 125,000 ni 25,000. Tukiitoa tunarudi kwenye 100,000 ileile. Kosa hapa si la kutojua asilimia. Ni kusahau kwamba asilimia ya pili inahesabiwa juu ya bei mpya. Katika daftari usiandike "nilikosea hesabu," maana maneno hayo hayafundishi kitu. Andika: "Asilimia ikibadilika mara mbili, uliza kila mara ni asilimia ya nini."

Mfano wa pili ni wa aina ya maswali yanayouliza kama taarifa ulizopewa zinatosha. Haya yamo katika Uchambuzi wa Data. Mfanyabiashara alinunua magunia Arua akayauza yote Koboko. Je, alipata faida? Taarifa ya kwanza: kila gunia aliliuza kwa shilingi 20,000 zaidi ya bei ya kununulia. Taarifa ya pili: usafiri wa magunia yote ulimgharimu shilingi 600,000, na hakuwa na gharama nyingine. Wengi wetu tutasema taarifa mbili kwa pamoja zinatosha. Hazitoshi. Hatujui idadi ya magunia. Yakiwa 30 hakupata wala hakupoteza; yakizidi 30 amepata; yakipungua amekula hasara. Aliyekosa swali hili kwa kawaida amejaza mwenyewe kichwani idadi ambayo haikutajwa. Dawa yake ni moja: jiulize ni kitu gani unakidhania bila kuambiwa.

Dawa hiyohiyo inafaa sehemu ya Lugha. Sehemu hiyo sasa ina kusoma kwa ufahamu na kupima hoja tu. Maswali ya kusahihisha sarufi yaliondolewa. Hii ni nafuu kwetu tuliokulia katika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, tukakutana na Kiingereza darasani. Kinachopimwa si ufasaha wa ulimi bali umakini: mwandishi amesema nini hasa, na nini hakukisema.

Daftari hili lina fadhila nyingine. Halihitaji umeme wala bando. Nilipokuwa nyumbani Koboko, siku ambazo umeme ulikatika, kazi haikusimama.

Tatu, murajaa

Hapa waliopita madrasa tuna mtaji ambao hatuutumii. Aliyehifadhi juzuu anajua kwamba kuhifadhi aya mpya si kazi ngumu kuliko kutunza zilizopita. Ustadhi hakuruhusu kwenda mbele mpaka umsomee somo la jana, na kila baada ya muda anakurudisha nyuma kabisa. Tulilia, lakini ndivyo elimu ilivyoshika mizizi.

Fanya hivyohivyo na makosa yako. Kila swali ulilolikosa lifanye tena baada ya siku 2, kisha baada ya wiki 1, kisha baada ya wiki 3, bila kutazama jibu. Ukilipata mara tatu mfululizo, na ukaweza kumweleza mwenzako kwa nini majibu mengine si sahihi, lifute. Kikundi cha watu watatu baada ya swala ya Isha kinatosha. Dada zetu bwenini wanaweza kuwa na halaka yao.

Mimi nilijipangia wiki 8. Baada ya Alfajiri, saa moja na nusu ya maswali mapya. Baada ya Isha, dakika 45 za murajaa. Kila Jumamosi ya pili, jaribio la saa mbili na robo, simu ikiwa imezimwa.

Nne, muda ni sehemu ya mtihani

Katika Hesabu una dakika 2 na sekunde chache kwa swali. Katika Lugha ni pungufu kidogo ya dakika 2. Katika Uchambuzi wa Data ni dakika 2 na robo. Mtihani huu hupandisha au kushusha ugumu kulingana na majibu yako, hivyo kila mtu atakutana na swali la kumtoa jasho. Swali moja lisikule dakika 5. Chagua jibu, liwekee alama, songa mbele. Toleo la sasa linakuruhusu kurudi na kubadilisha hadi majibu matatu katika kila sehemu. Usiache swali tupu, maana kutomaliza sehemu hupunguza alama. Kikokotoo kipo katika Uchambuzi wa Data pekee. Katika Hesabu ni kichwa chako na kibao cha kuandikia.

Tano, njia ya mkato

Atakuja mtu na kukuambia anayo maswali halisi ya mtihani, kwa bei ya kirafiki. Mwaka 2008 mahakama ya Marekani iliamuru mwendeshaji wa tovuti ya ScoreTop kulipa zaidi ya dola milioni 2 kwa kusambaza maswali ya GMAT, na GMAC ikafuta alama za watahiniwa 84. Lakini hata kama hakuna mahakama itakayojua, alama za namna hiyo ni nafasi ya mwenzako umeichukua. Mama yangu hakutoa pesa yake ninunue hiyo.

Lini urudie?

Sheria inakutaka usubiri angalau siku 16, na huruhusiwi kufanya zaidi ya mara 5 katika miezi 12. Sheria inaruhusu mengi, mfuko hauruhusu. Mimi nilijiwekea sharti: sitalipa ada mpaka majaribio mawili mfululizo yafike alama ninazozitaka. Zikipatikana, zinadumu miaka 5, na utaziona kwanza ndipo uchague pa kuzituma.

Unaweza kuufanyia nyumbani kwa intaneti, lakini ni lazima uwe peke yako chumbani na mtu asiingie. Nyumba za kwetu zina wageni tangu asubuhi. Mimi nilichagua kituo. Chukua nafasi ya saa tatu asubuhi ili umalize kabla ya Adhuhuri, na ufike mjini siku moja kabla.

Mara ya pili nilipata 575. Si alama za kutangaziwa kwa kipaza sauti, lakini zilinitosha kwa chuo nilichokiomba, na nilimpigia mama simu nikiwa bado mlangoni.

Zoezi la wiki hii

1. Chukua mtihani wowote uliokuangusha, hata kama si GMAT.
2. Panga makosa yako katika zile sababu nne na uhesabu.
3. Kwa kila kosa andika sentensi moja ya dawa, kisha mweleze mwenzako.

Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia, na kamba ya kumfungia imo katika daftari hilo. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, awalipe kheri wazazi wetu kwa kila shilingi waliyoitoa, na asitufanye wenye kuipoteza. Amin.