PIKIPIKI MPYA AU KUUKUU?

Kaka yangu anataka kuingia bodaboda. Akiba yake inatosha pikipiki kuukuu. Mpya ataipata kwa mkopo tu. Karo yangu ya mwaka ujao inategemea uamuzi huo, kwa hivyo nimelichunguza jambo hili.

Mpya huja na waranti, na hakuna aliyeitesa. Lakini mkopo haujui mvua wala ugonjwa: ukishindwa kulipa, pikipiki inachukuliwa. Kuukuu haina deni, ila huenda imechoka.

Je, utaitambuaje iliyochoka? Kwanza, iwashe injini ikiwa baridi. Ukiikuta tayari ina joto, jiulize kwa nini. Moshi wa samawati maana yake oili inaungua ndani. Pili, nambari za injini na fremu zilingane na zile za logbuku. Tatu, umiliki uhamishwe kupitia NTSA. Bila hivyo, kwenye rekodi bado ni ya mwenyewe wa kwanza.

Maoni yangu ni haya: kaka anunue kuukuu, mradi ikaguliwe na fundi wetu, si wa muuzaji. Ikianguka mtihani mmoja, aiache. Wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.