Seli Zinapokataa Kufa

Je, umekatwa kipande cha tezi iliyovimba shingoni kikapelekwa maabara? Huenda jibu likarudi limeandikwa BCL-2. Hiyo ni protini inayozuia seli kufa, jambo ambalo David Vaux na wenzake walilionyesha mjini Melbourne, Australia, mwaka wa 1988.

Ndani ya tezi mna vifundo vidogo. Katikati yake, seli za kinga zisizofaa huachwa zife (na ni heri zife), kwa hivyo protini hii kwa kawaida huwa haipo hapo. Mtaalamu hutia kingamwili iliyotengenezwa iishike BCL-2, kisha hutia rangi. Seli za katikati zikigeuka kahawia, anashuku saratani iitwayo limfoma ya folikula. Zisipogeuka, mara nyingi tezi imevimba kwa kupigana na maradhi tu.

Lakini usishtuke kusikia "BCL-2 imeonekana"! Seli nzima zinazozunguka vifundo hivyo huwa nayo pia, na limfoma nyingine za aina hiyo hazishiki rangi kabisa. Muulize daktari rangi imeonekana sehemu gani, na vipimo vingine vinasemaje.