Mkono Mmoja Haulei Mwana: Somo kutoka Gombe

Kaskazini mwa mji wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Jane Goodall alifika huko Julai 1960 kuchunguza maisha ya sokwe. Kati ya aliowafuatilia kwa miaka mingi ni mama mmoja aliyemwita Flo na mwanawe Flint. Flo alipokufa mwaka 1972, Flint alikuwa na umri wa miaka minane hivi, lakini alikuwa bado hajajitenga na mama. Alizubaa kwa huzuni, akaacha kula, akaugua, akafa baada ya wiki chache. Alikuwa na dada na kaka wakubwa, lakini hawakuweza kuziba pengo la mama.

Je, kisa hiki kinatufundisha nini kuhusu mtoto wa binadamu?

Kwanza tuondoe hofu. Katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950, Papa Pius XII aliruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Wanasayansi nao hawasemi kwamba tumetokana na sokwe wa leo, bali kwamba sisi na wao tuna mababu wamoja wa kale.

Sokwe jike humlea mtoto karibu peke yake, na kwa kawaida hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena. Mama wa binadamu huweza kuzaa mwingine wakati mkubwa bado anahitaji kulishwa. Isitoshe, mtoto wetu hukua polepole: anapozaliwa, ubongo wake haujafikia hata theluthi ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mzigo huo unamzidi mtu mmoja. Kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, mtafiti Kristen Hawkes na wenzake waliona jinsi kina bibi wanavyochimba mizizi na kuwalisha wajukuu. Wakapendekeza kwamba msaada wa namna hiyo ndio uliowezesha utoto wetu kuwa mrefu. Wahenga walishasema: mkono mmoja haulei mwana.

Hapa ndipo imani inapotudai. Katekisimu (na. 1255) inafundisha kwamba jumuiya nzima ya Kanisa ina wajibu wa kukuza neema ya ubatizo. Lakini mara ngapi msimamizi hushika mshumaa, hupiga picha, kisha haonekani tena? Binti aliyezaa na kutelekezwa, mjane mwenye watoto wanne, mama ambaye mumewe hukesha ziwani akivua dagaa: hao wanalea kwa mkono mmoja.

Tutafakari katika jumuiya zetu ndogo ndogo: mtoto niliyemsimamia yuko wapi leo? Amekula? Anasoma? Mama yake akilala mgonjwa usiku huu, atabisha mlango wa nani?