Intaneti ya waya inapokatika-katika: pima kabla ya kulaumu

Kwenye ofisi na vyumba vya intaneti vya Kisangani, mtandao ukikatika lawama huenda moja kwa moja kwa kampuni inayouza huduma. Mara nyingi ubovu umo humo humo ndani. Fuata hatua hizi, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara.

1. Hesabu waathirika. Ikikatika kompyuta moja, shuku waya wake. Zikikatika zote kwa pamoja, shuku swichi, ruta au umeme.

2. Tenga ndani na nje. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika *ipconfig*, kisha soma namba iliyo mbele ya «Passerelle par défaut». Hiyo ni anwani ya ruta. Andika *ping -t* ikifuatiwa na namba hiyo, uache dakika kumi. Majibu yakipotea, ubovu uko kati yako na ruta. Yakija yote na kurasa bado hazifunguki, tazama ruta yenyewe au mtoa huduma. Anwani ya kompyuta yako ikianza na 169.254, ujue ruta haijaipa anwani.

3. Kagua waya. Ulimi wa plagi ukivunjika, waya hulegea ukiguswa kidogo tu. Ndani mna nyuzi 8, yaani jozi 4. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi 2. Ile ya 1000 huhitaji zote 4. Basi kompyuta iliyokuwa kwenye 1000 ikishuka hadi 100, huenda uzi mmoja umekatika au haukubanwa vizuri. Waya usizidi mita 100, wala usifungwe pamoja na nyaya za umeme. Unaponunua, chagua wa shaba tupu: wa alumini uliopakwa shaba hukatika upesi.

4. Hamisha tundu. Chomeka waya uleule kwenye tundu jingine la swichi. Ubovu ukihama nao, shuku waya au kompyuta yake; ukibaki kwenye tundu la kwanza, tengeni tundu hilo.

5. Linda vifaa. Umeme wa SNEL ukipanda na kushuka, au mkihamia jenereta, swichi huzima na kuwaka upya. Iwekeni pamoja na ruta kwenye onduleur, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa waya wa umeme na wa mtandao pia, kwa maana radi hupitia zote mbili. Kati ya majengo mawili, nyuzi za kioo ni salama kuliko shaba kwa kuwa hazipitishi umeme. Unyevu wa mji wetu nao huotesha kutu ya kijani kwenye pini. Plagi ya namna hiyo ikatwe, ibanwe mpya.

Ukilazimika kumwita fundi, mpe saa za kukatika, idadi ya kompyuta zilizoguswa na matokeo ya *ping*. Ataanzia ulipoishia, nawe hutamlipa kwa kubahatisha.